Kiti cha Baraza la Mkungumani

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na Baraza la Mji wa Mkungumani halikuwa na la kujadili ila kelele za nyundo ya Fundi Shebwana, jirani yao. Mwenyekiti, Bwana Mbaruku, mtu mwenye kitambi cha haja, aliapa kwamba siku hiyo karakana ile ingepigiwa kura ibomolewe. Akajibwaga kitini. Kiti kikavunjika vipande vipande.

Ikabidi aitwe fundi yule yule.

"Hiki hakitengenezeki, bwana mkubwa," alisema Shebwana kwa unyenyekevu. "Lakini nyumbani ninacho kimoja, nitawaazima. Naomba tu karani aandike mwenyewe ni nani, kisije kikapotea."

"Andika, andika!" alifoka Mbaruku, aliyekwishachoka kusimama.

Karani, mtu asiyeruka hata nukta, akaandika. Kiti kikaletwa, Mbaruku akaketi, akaitisha kura. Madiwani watano wakataka karakana ibomolewe, watano wakakataa.

Mbaruku akachekelea. "Karani, soma kanuni, fundi asikie kwa masikio yake."

Karani akasoma: "Kura zikilingana, ataamua mwenye kiti."

"Naam! Basi mimi naamua..."

"Samahani, bwana," alidakia fundi kutoka mlangoni. "Karani, hebu tusomee na ule mstari wa kiti."

Karani akavaa tena miwani. "Mwenye kiti: Fundi Shebwana."

Madiwani wote wakamgeukia fundi, wakingoja uamuzi.

"Karakana ibaki," alisema Shebwana. "Nawe, Bwana Mbaruku, nyanyuka taratibu. Kiti cha watu hicho."