Kiti cha Kumi na Mbili

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za vocha za kukwangua, palikuwa na mtambo wa kuchoronga gesi uliosimama katikati ya bahari kwa miguu minne ya chuma. Uliitwa Nyenje. Kutoka Nyenje hadi nchi kavu ni dakika hamsini kwa helikopta. Kwa kuogelea, hakuna aliyerudi kutuambia.

Watu tisini na wanne walifanya kazi pale, na sheria yao ilikuwa moja: siku ishirini na nane baharini, siku ishirini na nane nyumbani. Siku ya ishirini na nane ikafika, helikopta ya kuwachukua haikuja. Ya thelathini na tano, haikuja. Ya arobaini na sita, haikuja! Na kila siku bosi wa mtambo, Injinia Rwechungura, alisema maneno yale yale: "Kisima kinakaribia kuifikia gesi. Vumilieni kidogo."

"Hicho kidogo chako, Injinia, kina mkia mrefu kuliko mamba," akasema Nandonde, kiongozi wa wafanyakazi, mtu mwenye sauti ya kushindana na jenereta.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Kila mtu, kuanzia injinia hadi mfagizi, alikuwa na kadi nyekundu mfukoni. Ukiona hatari unainyanyua, kazi inasimama, na hakuna wa kukuadhibu. Basi siku ya arobaini na saba, Alhamisi, saa nne asubuhi, Nandonde akanyanyua kadi yake.

"Uchovu nao ni hatari!"

Fundi winchi akanyanyua. Mpishi akanyanyua. Dobi akanyanyua. Kadi tisini na tatu juu! Mtambo ukanyamaza, watu wakasikia mawimbi kwa mara ya kwanza tangu wafike.

Injinia akakimbilia sanduku lenye vitufe vya kufungia kisima. Alihofia mwenye hasira asije akavichezea. Akalitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Hakufika mbali. Wakamkamata, wakamfungia kwenye stoo ya unga: mlango wa chuma, kingo za mpira, hata wembe haupenyi.

"Hatoki mpaka helikopta ije!" akasema Nandonde. "Na atakayerudi kazini kabla ya hapo ni msaliti. Nani ashike ufunguo wa stoo?"

"Bi Somoe!" wakajibu wote.

Bi Somoe alikuwa mpishi, mtu wa Kilwa. Siku yake ya nane baharini alifiwa na baba. Aliomba aende kuzika, Injinia akamwambia helikopta imejaa vipuri, avumilie kidogo. Baba akazikwa bila yeye. Na kesho ya Alhamisi hiyo, Ijumaa, ndiyo ingekuwa arobaini ya marehemu. Somoe akaupokea ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Palikuwa pia na kijana wa Masasi aitwaye Likwata. Kazi yake ilikuwa kutazama tangi la matope. Matope yale mazito hushindiliwa kisimani yaikalie gesi kichwani. Yakipanda tangini, ujue gesi inakuja juu. Likwata naye alikuwa amenyanyua kadi. Tangi likabaki peke yake kwa dakika kumi na nane. Si ishirini, kumi na nane. Kisha moyo ukamkataa. Akaishusha kadi yake, akanyata hadi tangini.

Matope yalikuwa yamepanda shubiri mbili!

"Kisima kinakuja!" akapiga kelele. "Jamani, kisima kinakuja!"

"Kibaraka!" wakamzomea. "Bosi kakuahidi nini?"

"Njooni mtazame!"

"Tumtazame nani, msaliti wewe?"

Mara sakafu ikatetemeka. Matope yakaruka juu ya mnara kama mvua iliyokosea njia. Hapo hakuna aliyezomea. Nandonde akalirukia sanduku la vitufe. Kufuli!

"Ufunguo anao bosi!"

Watu wakakimbilia boti za kuokolea. Bi Somoe peke yake akakimbia upande wa pili, hadi mlango wa stoo.

"Injinia!"

"Nani?"

"Somoe. Kisima kinakuja, na sanduku umelifunga. Nikikufungulia, kesho nitakuwa nyumbani?"

Sakafu ikatetemeka tena.

"Siwezi kukuahidi, mama. Fungua."

Somoe akavuta pumzi ya kwanza. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Akafungua.

Injinia akatoka. Kushoto kwake boti, injini zinanguruma, watu wanamwita. Kulia kwake mnara, matope na mawe vinanyesha. Akaenda kulia! Akateleza, akainuka, akafungua sanduku, akabonyeza kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisima kikakohoa, kikakoroma, kikafumba kinywa.

Watu tisini na wanne, wote wazima.

Saa nane mchana helikopta ikatua. Ilileta wasuluhishi kumi na moja: polisi sita, mawakili watatu, afisa kazi, na bwana mmoja ambaye hadi leo haijulikani alifuata nini. Wakasuluhisha: hakuna atakayeshtakiwa, na wote watarudishwa nyumbani. Lakini upepo mkali unaingia, helikopta haitaweza kuja tena kabla ya siku saba. Nao wasuluhishi, waliotapika njia nzima, wakaapa hawalali pale. Viti ni kumi na viwili. Kikabaki kimoja.

"Apewe aliyetuokoa," wakakubaliana wote.

"Basi ni mimi," akasema Likwata. "Mimi niliona. Nisingeona, mngefungua nini, mngefunga nini? Na tangu asubuhi hakuna anayenisogezea hata chumvi mezani. Nitalala vipi na watu wanaoniita msaliti?"

"Dakika kumi na nane ulikuwa wapi?" akamkata Injinia. "Ungekaa kwenye tangi lako, matope yangepanda kidole kimoja tu. Mimi nilifunga kisima. Boti zilikuwa hatua ishirini, sikuzitazama. Na mnataka nibaki siku saba na watu walionipanga na magunia ya unga?"

"Usingeutia ufunguo mfukoni, hata dobi angekifunga," akasema Somoe. "Mimi nilikufungulia, wewe uliyenizuia kumzika baba yangu, na hukuniahidi kitu. Kesho baada ya sala ni arobaini yake. Baada ya siku saba nitakuta sahani zimeshaoshwa."

"Na zile pumzi tatu, shangazi?" akauliza Likwata, aliyemwona na kumsikia alipopita mbio kwenda botini. "Ulipiga mnada mlangoni, roho zetu sote zikiwa sokoni!"

Somoe akalifungua pindo la khanga, akalifunga upya.

Mapanga ya helikopta yakaanza kuzunguka. Nandonde akashika kalamu na karatasi ya abiria. Majina kumi na moja yameandikwa, mstari mmoja mtupu. Rubani akanyoosha kidole: dakika moja!

Nandonde akawageukia wenzake, nami nawageukia ninyi mnaotafuna karanga. Msinitazame usoni, jibu haliko huku. Kuna aliyeona, kuna aliyefungua, kuna aliyefunga. Kiti ni kimoja, na dakika inakwisha.

Je, nani alistahili kupanda?