Dereva Aliyejificha Mlimani

Wapendwa, kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa akipeleka kabichi sokoni alfajiri. Kwenye mzunguko wa barabara pale sokoni akamgonga mzee wa baiskeli. Alipomwona amelala barabarani, hatikisiki, hofu ikamwingia. Akaacha gari pale pale, akakimbia.

Hakufika mbali. Alipanda mlima ulio juu ya mji ule ule, mahali wageni wanapokwenda kutazama mandhari na kupiga picha, ambako hakuna aliyemjua, akawa anachoma mahindi. Miaka sita. Kila siku aliwaonyesha wageni mji: uwanja wa mpira ule, stesheni ile. Bati la nyumba ya mama yake alilijua vizuri, ila hilo hakumwonyesha mtu. Mnaujua uchungu wa kuona moshi wa jikoni kwenu, na usiweze kwenda?

Jumapili moja akapanda mzee anayechechemea, pamoja na wajukuu wawili. Akanunua hindi, akauliza, "Kijana, mzunguko wa sokoni ni upi?"

"Ule pale, baba, wenye miti."

Mzee akawaambia wajukuu, "Pale ndipo babu yenu alipogongwa na gari la kabichi."

Dereva alitaka kukimbia tena. Safari hii akabaki. Akasema polepole, "Baba, dereva ni mimi. Nilijua nimekuua."

Mzee akasema, "Nilivunjika mguu tu, mwanangu. Nilikusamehe nikiwa bado kitandani hospitalini. Nikakutafuta nikuambie, sikujua uliko."

Dereva akakaa chini kwenye mawe, akalia.

"Inuka," mzee akasema. "Twende polisi, nikaeleze mwenyewe kwamba sina neno na wewe. Halafu uende kwenu."

Polisi wakaandika maelezo, mzee akamdhamini, na jioni ile dereva alikuwa jikoni kwa mama yake, anakula, na mama hamwulizi kitu, anamwongezea mboga tu.

Ndugu zangu, miaka sita alimkimbia mtu aliyekwisha kumsamehe. Na sisi je? Wangapi humu tunamtazama Mungu kwa mbali, tukidhani ametushikia fimbo? Msamaha uko tayari siku nyingi. Sisi ndio tuliojificha. Wewe uliyekaa nyuma pale, karibu na mlango, nasema nawe: shuka leo. Usiungoje mwaka wa saba.