Samaki Kando ya Jiko la Sebuleni

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Kulikuwa na baba mmoja, mfanyabiashara wa mbao, na nyumba yake ilikuwa huku huku kwetu Njombe, ambako mwezi wa saba hata maji ya kunawa uso yanauma. Kazi yake ilikuwa porini. Akiondoka ameondoka, wiki kadhaa hapigi simu, halafu anaibuka na kelele zote. Mtaa mzima unajua kwamba amerudi: nyama inachomwa, redio inafunguliwa mpaka mwisho, na binti yake wa pekee anabebwa juujuu ingawa miguu inakaribia kuburuza chini. Siku mbili za sherehe, kisha huyo, kaenda zake.

Binti alikuwa na adabu. Kila zawadi aliipokea kwa mikono miwili na "asante, baba." Lakini baba aliona jambo lililomchoma. Akiingia jikoni, maongezi ya mama na binti yanakatika. Akiuliza, "Shule inaendaje?" anajibiwa, "Vizuri." Basi, limeisha. Akajisemea, mtoto huyu ananiponyoka, na mimi ndiye baba yake. Nimpe nini?

Safari iliyofuata akarudi na tangi la kioo, kipampu cha kupuliza hewa, na samaki wa mapambo wa rangi ya machungwa. Binti alipowaona alipiga ukelele, akamrukia baba yake shingoni. Karibu mwanamume alie.

Sasa tangi likae wapi? Mama akasema dirishani, samaki waonekane vizuri. "Dirishani?" baba akashangaa. "Hapo jua la mchana linachoma, na alfajiri upepo wote unapitia hapo. Watakaa na sisi, motoni!" Nanyi mnaijua desturi yetu. Jioni jiko la mkaa linawashwa nje, moshi ukiisha linaingizwa sebuleni, mlango unaachwa wazi kidogo, na mgeni wa heshima ndiye anayekaribishwa karibu na moto. "Vifaranga wenyewe tunawawekea jiko," akasema, "sembuse samaki?" Mpaka hapo, nani kati yenu angembishia? Akaliweka tangi juu ya kimeza, ubavuni mwa jiko kabisa.

Jioni ile samaki walizunguka kwa furaha, baba akaongeza mkaa. Kulipokucha, jiko lilikuwa majivu matupu, kioo kimepoa, samaki wamejikunyata chini. Baba akaona dawa ni kuongeza moto. Jioni akajaza jiko pomoni. Samaki wakapanda juu, midomo inafunguka na kufungika. "Ona wanavyonisalimia!" akasema. Masikini, walikuwa wanatafuta pumzi. Asubuhi mmoja akakutwa anaelea ubavu. Binti hakulia mbele ya baba yake. Alimtoa yule samaki kwa kikombe, akaenda kumfukia peke yake nyuma ya nyumba.

Jioni baba akashika koleo ya makaa tena. Binti akamshika mkono.

"Baba, usiongeze."

"Mwanangu, watakufa kwa baridi."

"Si baridi, baba. Mimi naingiza kidole kwenye maji kila siku. Jioni yana moto, asubuhi ni barafu. Wakianza kuzoea joto, limeondoka. Wakianza kuzoea baridi, joto hilo limerudi. Wanachoka."

"Haya, tuwaweke wapi?"

"Pale kwenye ukuta wa katikati. Mbali na jiko, mbali na dirisha. Hapana joto, lakini hapabadiliki."

Baba akacheka. "Nani amekufundisha yote haya?"

Binti akainama. "Hakuna, baba. Nayajua tu. Ukija naungua, ukiondoka naganda."

Wapendwa, yule baba aliweka koleo chini. Iliuma, tusidanganyane. Alikuwa amebeba nyama na zawadi miaka yote hiyo akidhani anabeba upendo. Hakujitetea. Alilinyanyua tangi kwa mikono yake, akalipeleka kwenye ukuta wa katikati, na samaki waliobaki wakaishi.

Jumatatu alirudi porini, maana mbao ndizo zilizowalisha. Lakini kila jioni alipanda kilimani kutafuta mtandao. "Mmekula nini leo?" "Ugali na maharage." "Haya, lala salama." Siku nyingine hakukuwa na zaidi ya hayo. Aliporudi, alirudi bila vishindo. Miezi ikapita. Jumamosi moja lori la mbao lilimharibikia njiani, akafika jua limeshazama. Akamkuta binti amesimama mlangoni, mikono kiunoni, amenuna.

"Baba, ulikuwa wapi? Mbona umechelewa hivi?"

Mwanamume akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo! Mgeni haulizwi kwa nini amechelewa. Anayeulizwa ni yule anayengojewa.

Na sisi je? Sisi ni mabingwa wa nguvu ya soda. Wiki ya uamsho tunaimba mpaka mabati yanatikisika, wiki inayofuata kanisa lina popo na mzee wa kanisa. Kwa watoto wetu ni hivyo hivyo, na kwa wazazi wetu kijijini ni hivyo hivyo. Mungu wetu hatupendi kwa mafungu. Rehema zake ni mpya kila asubuhi, hata ile asubuhi ambayo jiko limezimika. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu. Hatujachelewa. Mtu anaweza kuanza na simu ya leo jioni.

Mama Nyagawa alipofiwa na mumewe mwezi uliopita, tulijaa pale kwake mpaka viatu vikapotea mlangoni. Tulipika, tuliimba, tulilia naye. Msinitazame hivyo, nami nilikuwepo. Jana nilipita. Alikuwa peke yake, anakoka moto, na sufuria lilikuwa bado lile kubwa la msibani, kwa sababu hajui bado kupikia mtu mmoja.

Sitaki sadaka, wala msimpelekee kuku. Nataka mtu wa kwenda kukaa naye kesho, mikono mitupu. Halafu mwingine Jumanne. Halafu mwingine Jumatano. Sisemi amina mpaka nione mikono.

Naam, mama, nimekuona. Kesho ni wewe. Nani wa Jumanne?