Maji Yalitoka, Watu Hawakuja

Kaeni, wapendwa, kaeni. Leo tunao vijana wetu waliohitimu chuo cha ufundi, wamekuja kumshukuru Mungu, na suti zao zinang'aa kuliko joho langu. Habari hii nawapa wao hasa, lakini wengine msisinzie.

Palikuwa na injinia mmoja, kijana hodari wa pampu za maji. Pampu ikikohoa, alijua inaumwa wapi kabla hajafungua hata nati moja. Akatumwa kijiji cha mlimani kufunga pampu ya umeme wa jua. Akafunga, akajaribu, maji yakabubujika. Ndoo ya lita ishirini ilijaa kabla hujamaliza Baba Yetu. Akaondoka anapiga mluzi.

Mwezi haukuisha, bosi wake akampigia simu. Kina mama wamerudi mtoni, kule bondeni, na pampu imekaa bure. Ijumaa wakaguzi wanakuja. Wakikuta hakuna anayechota, pampu itang'olewa ipelekwe kwingine, na kijana atafute kazi nyingine.

Akapanda mlima na sanduku lake la vipimo. Akapima umeme, uko sawa. Akapima maji, ni safi. Siku tatu anafungua pampu na kuifunga, jasho na hasira vinamtoka pamoja. Moyoni akasema watu hawa hawana shukrani, wamezoea tope. Mnaijua sauti hiyo? Msinitazame hivyo, mnaijua.

Alhamisi asubuhi, akili ikiwa imemwishia, akateremka mtoni. Akamkuta mama mmoja wa makamo, peke yake, anajaza ndoo. Mama akaipandisha kwanza kwenye jiwe la chini, kisha kwenye mwamba unaomfika kifuani. Akaweka ngata kichwani, akachuchumaa kidogo, akaivuta ndoo ikatua utosini, akasimama wima na kwenda zake. Hakuhitaji mtu.

Injinia akatazama juu, kijijini. Bomba lake lilisimama katikati ya sakafu ya saruji, tambarare, hapana hata tofali moja la kuegeshea ndoo. Tena maji yake yalijaa upesi mno, foleni haikuwepo, na pasipo foleni hapana mwenzio wa kukutwika. Nani anainua ndoo iliyojaa, peke yake, kutoka chini mpaka kichwani?

Akamkimbilia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mbona hamkuniambia mnataka pa kujitwikia? Siku tatu nahangaika na pampu."

Mama hakuitua ndoo. "Mwanangu, siku zote hizo ulikuwa unaongea na pampu. Shikamoo yako ya kwanza ndiyo hii."

Kijana aliona haya, na haya ile ilimsaidia. Mchana ule ule akajenga ngazi mbili za tofali kando ya bomba, na mama yule ndiye aliyesimama kupima kimo, akimwambia shusha, pandisha kidogo, hapo hapo. Ijumaa wakaguzi wakakuta ndoo zimejipanga. Wakampa fomu aandike kasoro ilikuwa nini. Majina ya kasoro zote za pampu aliyajua kwa moyo. Akashika kalamu, akaandika neno moja: "Sikuuliza."

Sasa tuje kwetu sisi. Vijana, vyeti vyenu ni halali, mmevitolea jasho, na fundi mnyenyekevu asiyejua kazi hatumtaki. Lakini chombo mnakitengenezea nani? Kuuliza si ujinga, na kusalimu hakumpunguzii mtu elimu.

Na ninyi wazee mnaotikisa vichwa, mnadhani nawasema watoto tu? Mwaka jana tulijenga choo cha kanisa, kizuri, vigae mpaka juu, na ngazi tano za kupandia. Ni nani kati yetu aliyemuuliza bibi yetu anayetembelea magongo? Tangu tulipokizindua hajakitumia hata mara moja. Ibada ikirefuka, anaondoka kabla ya sadaka, nasi tunasema amepoa kiimani. Mwenyekiti wa ujenzi nilikuwa mimi. Leo bibi ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, na kabla sijawabariki, nashuka hapa kwenda kumwuliza.