Nakijwa na Taa za Kichwani

“Umepoteza nini huko, Nakijwa?”

Aliyeuliza swali hilo ni mimi, nikiwa nimesimama mlangoni kwangu na kanga begani, wala sikujua kwamba nilikuwa naangalia methali ikizaliwa. Mmeisikia leo kwa mwinjilisti, alipowaonya msimchague mwalimu wa kwaya kwa kuisikia sauti yake siku moja tu ya mazoezi: Taa haisifiwi juani, husifiwa njiani. Mnadhani ni maneno ya wahenga wa zamani sana. Sivyo. Walioyasema niliwajua wote wawili, na mmoja wao nimempikia uji. Chimbuko lake ni hili. Ninyi endeleeni kupukuchua hayo mahindi, mikono haihitajiki kwenye kusikiliza.

Mnajua desturi yetu ya Pasaka. Jumamosi wanawake wa usharika hupanda mlimani mpaka ule uwanda ulio juu ya msitu, hupiga mahema, husali, hulala kidogo, kisha huteremka kukiwa bado giza ili kufika makaburini kabla ya jua na kuwaimbia waliolala. Walioanza ni bibi zetu waliokatazwa kusali majumbani mwao, wakaona heri wamfuate Mungu huko kwenye baridi. Hatujawahi kuacha.

Lakini mwaka mmoja nusura tuache. Tulikuwa tunatembea na kandili na tochi za mkononi, na mwanamke aliyejitwika mzigo mkono mmoja hushika mzigo na mwingine hushika fimbo. Tochi aishike kwa mkono upi? Naetwe, mmoja wetu, aliiuma kwa meno. Akateleza kwenye mizizi, sufuria likamwangukia, mguu ukavunjika. Tulimbeba kwa zamu, na tulipofika makaburini jua lilikuwa limeshapanda, ng'ombe wanapelekwa malishoni. Tuliimba, ndiyo, ila tuliimba kama watu waliochelewa harusi.

Wazee wa kanisa wakakaa. Wakasema tutapewa mwaka mmoja tu. Tukichelewa tena, au mwingine akiumia, mkesha wa mlimani ufungwe, wanawake wasubiri asubuhi majumbani mwao kama watu wengine. Mimi mume wangu alikuwa na mwaka wa pili pale makaburini. Nilikwenda nyumbani nisile chakula.

Ndipo lilipokuja wazo la taa za kichwani. Kwenye gulio la chini alikuwepo mchuuzi mmoja, Kiondo, aliyeuza mitumba ya wapanda milima: viatu, mahema, na taa hizo zenye mkanda wa kuvaa kwenye paji la uso. Tukachangishana maharage, tukayauza, tukapata fedha za kutosha taa za wanawake kumi na wawili. Mzee Zefania akatumwa na wazee wenzake aende nasi kutuchagulia. Zefania alikuwa mtu mwadilifu, nisimseme vibaya, na ujanani aliwahi kuwabebea wageni mizigo kwenye mlima mkubwa. Kwa hiyo kila alilosema kuhusu milima lilipita bila kupimwa.

Kiondo alitandika aina mbili. Moja ilikuwa kubwa, mwanga wake mweupe kama wa gari, ina mkanda wa pili unaopita utosini na kisanduku cha betri kisogoni, nayo ilitaka kuchajiwa kwa umeme. Nyingine ilikuwa ndogo kama kiberiti, mwanga wake wa manjano, inakula betri tatu ndogo zinazopatikana duka lolote. Zefania akaivaa ile kubwa saa sita mchana, akaiwasha, akammulika Kiondo usoni. Kiondo akafumba macho. Watu wakakusanyika, kila mmoja akasifu. Mmoja akasema ukiwasha hiyo hata nguruwe pori atadhani kumekucha.

Nakijwa peke yake hakusifu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na macho yake yalizoea kuangalia mshono upande wa ndani. Aliomba aazimwe moja ya kila aina kwa siku tatu, na akamwachia Kiondo cherehani yake ya mkono iwe dhamana.

“Nakijwa,” Zefania akamwambia, “wewe unataka taa ya kumtafutia kuku. Si umeiona hii inavyowaka?”

“Nimeiona, kaka. Lakini hata kijiti cha kiberiti kinawaka. Taa haisifiwi juani.”

Watu wakacheka, na Zefania akacheka nao. Methali ikabaki hapo, nusu.

Sasa rudini kwangu mlangoni. Ilikuwa kabla ya mapambazuko, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, nikaona mwanga unakwenda na kurudi katikati ya migomba. Nikauliza nililouliza. Nakijwa akanijibu kutoka humo ukunguni kwamba hajapoteza kitu, anatafuta asije akapoteza. Nikamfuata. Nilimkuta ana kata ya kanga iliyoviringwa kichwani, na juu ya kata debe la maji lililojaa.

Akanionyesha mambo ambayo sisi wote tuliokuwa gulioni hatukuyafikiria. Ile kubwa, mkanda wake wa utosini unakalia pale pale panapokaa kata, na kisanduku cha kisogoni kinausukuma mzigo mbele. Zefania alibeba mizigo ya wageni mgongoni, hakuwahi kujitwika. Tena mwenye debe kichwani hawezi kuinama aangalie miguu, basi ni lazima taa ndiyo iiname. Ile kubwa iliinama kidogo tu, ikakwama. Ile ndogo iliinama mpaka ikamulika vidole. Akaizima na kuiwasha kwa vidole vilivyolowekwa maji baridi, kuona kama kitufe kitatii. Usiku uliofuata aliziacha zote mbili zinawaka juu ya kabati, huku akiamka kuzitazama kama wagonjwa. Ile kubwa ilikata kabla jogoo wa kwanza hajawika. Ndogo ilikuwa bado inawaka asubuhi.

Alfajiri ya tatu, katika ukungu uleule, akanivika ile kubwa, akiwa ameiwasha tena baada ya kuichaji kwenye mashine ya kusaga, akaniambia nitazame mgomba ulio mbele yangu. Sikuuona. Nililoona ni weupe mtupu. Akanivua, akanivika ndogo, akauinamisha mwanga wake. Nikaona mgomba, nikaona na njia.

Tukanunua ndogo kumi na mbili. Zefania hakukasirika, ila alisema kwamba kwa kuwa wanawake wamechagua vibatari, yeye mwenyewe atainunua ile kubwa, aje nayo mlimani, atangulie mbele, sisi tufuate mwanga wake. Wazee wakaona ni jambo la busara. Yeye pia ndiye angewaletea habari kama tumefika kwa wakati au hatukufika.

Tulipanda Jumamosi tukiimba. Kule juu kulikuwa kweupe, nyota zimejaa, na taa ya Zefania ilimulika mahema yote kama uwanja wa mpira. Alikuwa anageuka huku na huku akizungumza, na kila alipogeuka mtu alifumba macho. Nakijwa akatuambia tukizungumza uso kwa uso tuziinamishe zetu chini, tusipofushane. Saa nane za usiku tukavunja mahema, tukajitwika, tukaomba, tukaanza kuteremka, Zefania mbele.

Tulipoingia msituni ukungu ukapanda kutoka bondeni. Mnaujua ukungu wetu, hauji kwa miguu, unakuwa tu umeshafika. Mstari ukasimama. Nikasikia mbele fimbo inagonga gonga ardhi kama ya kipofu. Tulikuwa pale pale penye mizizi, alipoanguka Naetwe, na kushoto ni korongo.

Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu njia iliyobaki na kuyafikiria makaburi yake.

“Nakijwa,” Zefania akaita, sauti imeshuka. “Uko wapi?”

“Nyuma yako, kaka.”

“Mbele yangu kuna ukuta.”

“Si ukuta. Ni taa yako inamulika ukungu, na ukungu unakurudishia. Izime.”

“Nikiizima nitaona nini?”

“Hutaona kitu. Utashika pindo la kanga yangu.”

Mtu mzima, mzee wa kanisa, ashike pindo la kanga. Kisha ule weupe ukafa, msitu ukarudi kuwa giza, na katika giza lile nikaona vitaa vyetu kumi na viwili vya manjano, kila kimoja kimeinama kwenye miguu ya mwenyewe. Nakijwa akapita mbele na sufuria kichwani. Alitembea polepole, na kila penye mzizi alitamka “mzizi,” na neno likapokewa mtu kwa mtu mpaka mwisho wa mstari, Zefania akiwa wa kwanza kulipokea. Hakuna aliyeteleza. Hakuna aliyeweka mkono chini.

Nawaambieni wajukuu zangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi ya kujivunia, lakini kuutazama mstari ule wa wanawake wa kwetu ukiteremka kutoka mawinguni, mizigo kichwani, migongo imenyooka, na taa zimewasikiliza, hilo nitalipeleka kaburini. Tulifika jogoo wa pili akiwika. Tulizima taa, tukasimama gizani, tukaanza kuimba. Jua lilitukuta katika ubeti wa tatu. Nilikuwa nimesimama kwa mume wangu.

Baada ya ibada wazee wakakaa katika chumba cha nyuma, sisi tukasimama mlangoni. Mwenyekiti akamwomba Zefania aeleze jinsi alivyowaongoza wanawake, na kama desturi hii iendelee. Angeweza kusema chochote. Nakijwa alikuwa anatazama chini, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angefungua mdomo kumwaibisha.

Zefania akasimama. Akasema, “Sikumwongoza mtu. Niliongozwa, nimeshika pindo la kanga.” Akaitoa ile taa kubwa mfukoni, akaiweka mezani mbele ya wenzake. “Nakijwa aliniambia kule gulioni, nikamcheka. Alisema taa haisifiwi juani. Mimi leo namalizia: husifiwa njiani.”

Akachukua kofia yake, tukampisha mlangoni, akatoka.