Chuma Kilichonyweshwa Maji

Fumbo hili nimelala nalo na kuamka nalo, wala sijalitegua. Labda ninyi mtaliweza. Sikilizeni.

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura bali zamani za juzijuzi, umeme ulipokuwa bado mgeni vijijini, palikuwa na boma moja katika nchi kame ya Ugogo. Mwenye boma aliitwa Mhembano. Aliishi na mama yake, Bibi Matika; mdogo wake Chilewa, fundi wa umeme; na mkewe Nyemo, mshonaji, mama wa Lechipya, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Chilewa ndiye aliyeingiza umeme. Waya mmoja ulileta moto. Wa pili, nyutro, uliurudisha nguzoni. Wa tatu, ethi, ulishuka ukutani mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa uani, ili hitilafu ikitokea umeme uzame ardhini.

"Kiangazi kikikaza, kimwagieni maji," alisema Chilewa. "Ardhi kavu haimezi umeme." Kisha akaenda mjini kutafuta kazi.

Kiangazi kikakaza. Taa zikafifia. Bibi Matika akamwaga maji aliyooshea vyombo, taa zikang'aa. Kesho yake zikafifia tena, akamwaga, zikang'aa. Akaongeza kiganja cha chumvi, zikang'aa zaidi.

"Mnaona?" akacheka. "Kumbe umeme nao una kiu, kama ng'ombe!"

Hakuna aliyejua kwamba nyutro ilikuwa imelegea kwenye mita, na kwamba umeme, kwa kukosa njia yake, ulikuwa ukirudi kwa kupitia chuma kile.

Nyemo peke yake hakucheka. Cherehani yake ya umeme ilikuwa imeanza kumchonyota vidole. Akavaa kandambili, mchonyoto ukapungua, lakini wasiwasi haukupungua. Asubuhi alitaka kusema, jioni alitaka kusema. Lakini akisema, umeme ungezimwa mpaka Chilewa arudi, na sare za watoto wa watu zilikuwa nusu. "Nitasema nikimaliza sketi hii," alijiambia. Akaimaliza, akashika nyingine. Na kila Lechipya alipoelekea uani, Nyemo alitupa kitambaa, akamfuata, akambeba.

Siku moja akachelewa kugeuka. Ua mzima ulikuwa vumbi tupu isipokuwa pale penye chuma, na ni mtoto gani asiyependa tope? Lechipya akachuchumaa, akakishika chuma. Hakulia. Hilo ndilo lililomtoa Nyemo mbio: hakulia.

Bibi Matika alikuwa kinuni. Akamsukuma mtoto kwa mchi mkavu, Nyemo akashusha swichi kuu. Mtoto akapumua. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilibaki vimejikunja.

Chilewa akaitwa, wazee wa ukoo wakaitwa. Mhembano akasema, "Mmoja wenu ameniharibia mtoto. Huyo ataondoka bomani, na mtoto atabaki."



Bibi Matika akaanza. "Nilimwaga kwa kuambiwa. Wenye vyeti wamesema kinyweshe, nikakinywesha, leo mnaniuliza? Na mchi aliushika nani? Ninyi?"

"Mama, nilisema maji, sikusema chumvi," Chilewa akajibu. "Skrubu ya nyutro niliikaza, joto huilegeza. Taa zikicheza, fundi huitwa. Nani aliniita? Halafu, kaka, chuma nilileta kirefu, kifike kwenye udongo wenye unyevu. Wewe ulikikata, nusu ukaifanya kigingi cha mbuzi."

"Mbuzi hawajamuunguza mtu!" Mhembano akafoka. Mzee mmoja akakohoa, akatazama chini.

Nyemo angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwuliza juu ya cherehani. Lakini alimtazama Lechipya akihangaika kushika kikombe, akasema, "Mimi sikujua ni nyutro. Ila nilijua pana kitu. Kilinichonyota, nikavaa kandambili, nikaendelea kushona."

Wazee wakanong'onezana mpaka kivuli cha nyumba kikavuka ua. Ikaamuliwa kwamba asiyejua ana udhuru, na aliyejua akanyamaza hana. Nyemo arudi kwao mpaka atakapoitwa.

Kwa desturi ya ukoo ule, mke husindikizwa na aliyempokea siku ya harusi. Aliyempokea ni Bibi Matika. Basi mama mkwe akajitwika furushi, akatangulia. Chilewa alikuwa ameshakaza skrubu. Nyuma yao taa ziliwaka bila kufifia. Wakafika barabarani.

"Mwanangu," Bibi Matika akasema akilishusha furushi, "wangeniuliza mimi, ningesema tutoke sote."

Akageuka, akarudi kumlea mtoto.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: mmwaga maji, mkaza skrubu, mkata chuma na mwenye kandambili. Je, nani alistahili kutoka?