Kapu Moja la Limbuko

Hadithi hii ilitufikia bila mwisho, na bila mwisho ndivyo inavyoletwa kwenu. Sogeeni. Mwenye masikio ayatege, na mwenye busara asiilaze mbali, maana tukifika ukingoni itaazimwa.

Walikuwapo vijana watatu wa Tukuyu, mji ambao mvua ikikosa siku mbili watu huulizana kuna nini. Walisoma pamoja, wakakosa ajira pamoja, wakaanzisha kampuni pamoja. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na kila kipaji kilikuwa na nyumba kilikozaliwa.

Lugano alikuwa na kipaji cha ulimi. Alikuwa na uwezo wa kumwomba mtu kiti alichokalia, mtu akasimama huku akishukuru. Ulimi huo ulikulia katika kituo cha wazee wasio na ndugu, ambako bibi yake alikuwa mpishi. Wazee wale ndio waliomfundisha kwamba maneno yana wakati wake, na kwamba anayemkatiza mwenzake hapewi kitu.

Ambwene alikuwa na kipaji cha mikono. Ufundi aliupata katika karakana ya vijana viziwi, kwa mwalimu ambaye hakuwahi kusikia sauti hata moja. Mwalimu yule alimfundisha kuweka kiganja juu ya mashine na kuisikiliza kwa ngozi. Ndiyo maana Ambwene aliongea kidogo. Alikuwa amezoea mahali ambapo maneno si lazima.

Wa tatu alikuwa Tusekile, na kipaji chake watu walikicheka. Kipaji chake kilikuwa wasiwasi. Hakupanda gari kabla ya kuyakagua matairi. Hakuzima jiko bila kurudi kulitazama tena. "Jina lako maana yake furaha," Lugano alimtania, "lakini sura yako kila siku iko msibani." Tusekile alicheka na wenzake, ila alijua ugonjwa huo ulikoanzia. Ulianzia kwenye ukingo wa mto, akiwa bado mwanafunzi, siku dada yake Bupe aliposhikwa na uchungu wakati maji yamefunika daraja. Walingoja maji yapungue. Maji yalipungua, mtoto hakungoja; walirudi naye kumzika.

Baada ya siku ile, akina mama wa kanisa walifungua nyumba karibu na hospitali, ili wajawazito wa ng'ambo ya mto wakae hapo kusubiri kujifungua. Ikaitwa Nyumba ya Kusubiri. Sasa paa lake lilikuwa limeng'olewa na upepo, milango imefungwa, na Bupe alikuwa mjamzito tena. Mvua kubwa zilikuwa njiani.

Basi kampuni yao iliitwa Kibuyu. Ilitengeneza mapipa ya kupooza maziwa, yanayowekwa vijijini wafugaji wanakokusanya maziwa ya asubuhi. Kila pipa lilikuwa na kipimajoto ndani, na kipimajoto kilituma ujumbe kwenye simu ya Tusekile, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa kampuni.

Siku walipoandika katiba ya kampuni hawakuwa na kitu zaidi ya pipa moja linalovuja. Wakiwa wanakula ndizi za kuchoma, Lugano akauliza, "Hivi hii kampuni ikija kuzaa, tutaanza kula wenyewe kama mafisi?"

"Kwetu mazao mapya hayaliwi kabla ya limbuko," alisema Ambwene.

Wote watatu waliujua mwiko huo kwa bibi zao. Mavuno ya kwanza huwekwa katika kapu moja, yakapelekwa katika nyumba moja yenye shida. Hayagawanywi, kwa sababu limbuko likigawanywa linakuwa makombo. Na anayelichagulia nyumba si mwenye shamba, bali ni yule aliyeliokoa zao mwaka ule: aliyewafukuza nyani, au aliyeuona moto wa kwanza.

Wakaandika hivyo hivyo, huku wakicheka. Siku mwekezaji wa kwanza atakapoingia Kibuyu, fungu la hisa za kampuni litakwenda kwa nyumba moja ya msaada hapa hapa mjini, na itachaguliwa na aliyeokoa zao. Nani angebishania fungu la pipa linalovuja? Wakapiga muhuri, wakanawa mikono.

Kumbe pipa lilikuwa na bahati yake.

Kampuni kubwa ya maziwa kutoka Dar es Salaam ikasikia habari zao, ikataka kuwekeza, ikawapa majaribio. Sharti lilikuwa moja na lilikuwa gumu: siku ya mwisho, maziwa ya vituo vyote yafike mjini yakiwa mazima. Kituo kimoja tu kikileta maziwa yaliyoharibika, hakuna mkataba.

Asubuhi ya siku hiyo Tusekile hakuweza kumeza chai. Aliishika simu akatazama joto la mapipa, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa baridi. Yote yalikuwa salama. Akatazama tena. Mapipa mengine yalikuwa yakipanda kidogo na kushuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Pipa la kijiji cha Isuba lilikuwa limetulia palepale tangu alfajiri, halipandi, halishuki.

"Isuba limekufa," alisema.

Lugano akachungulia simu. "Tuse, linasoma baridi kuliko yote!"

"Ndiyo ninachosema. Kitu kizima hakitulii hivyo. Kipimajoto kimeganda, na ndani hatujui kuna nini."

"Na kama ni wasiwasi wako tu?"

"Basi mtanicheka jioni. Washa pikapu."

Wakapanda. Ambwene alibeba kisanduku cha vifaa magotini bila kuuliza swali. Walipokaribia Isuba wakakuta kifusi cha udongo kimeshuka kutoka kwenye kingo na kuifunga barabara. Ng'ambo ya kifusi, kwenye uwanja wa nyumba moja, umati ulikuwa umekaa kimya. Kulikuwa na msiba. Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kuzika, majembe na makoleo begani.

Tusekile alitaka kukimbia moja kwa moja akaombe msaada. Lugano akamshika mkono. "Ukienda hivyo tutarudi na matope yetu."

Akavua kofia, akavuka kifusi kwa miguu, akaenda kuketi kwenye jamvi pamoja na waombolezaji. Hakusema neno. Tusekile akakaa upande wa wanawake. Alikuwa akiyaona maziwa ndani ya pipa, yakipata joto, yakianza kugeuka, na Lugano yupo pale ameinamisha kichwa kana kwamba ana siku nzima. Mara moja alimkazia macho: *sema!* Lugano hakumtazama.

Hatimaye mzee Mwakibete, kaka wa marehemu, akamgeukia mwenyewe. "Wanangu, tunawashukuru kwa kuja kutufariji. Ila naona mna jambo."

"Tunalo, baba, na tunaona haya kulisema hapa," alisema Lugano. Akaeleza habari ya kifusi na pipa.

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema, "Majembe haya yametoka kaburini. Hayagusi kazi nyingine mpaka matanga yaishe. Kijana, hata wewe unajua."

"Najua, kaka, na sitaki myavunjie heshima." "Nauliza tu. Marehemu alikuwa akileta maziwa kituoni?"

"Kila siku ya Mungu," akajibu mjane kutoka upande wa wanawake. "Hata jana, na homa yake. Nilimwambia apumzike, akaniambia ng'ombe haelewi homa."

"Basi maziwa yake ya mwisho yamo ndani ya lile pipa, mama. Leo tumemzika yeye. Je, na maziwa yake tuyamwage?"

Mzee Mwakibete akainuka polepole, akachukua jembe lake. "Yaosheni mtoni kwanza," akasema. "Kila mmoja aoshe la kwake."

Wakaosha. Wakachimba. Pikapu ikapita.

Kituoni mlinzi wa pipa aliwapokea kwa furaha. "Karibuni! Limetulia kabisa leo, wala halina kelele!" Ambwene akaweka kiganja juu ya pipa, akafumba macho.

"Halijafa," akasema. "Limezimia. Injini inazunguka lakini haivuti kitu. Mkanda umekatika."

Akachota kijiko cha maziwa, akakiweka juu ya moto wa mkaa. Maziwa yakikatika kwenye kijiko, hayana dawa tena. Wote wakainama. Maziwa yakatoa povu, yakatetemeka, yakachemka bila kukatika. Lakini yalikuwa vuguvugu, na safari ya kurudi mjini yasingeistahimili.

Mkanda wa akiba hawakuwa nao. Ambwene akatoka nje, akatazama huku na huku, akaenda kwenye baiskeli ya mlinzi.

"We! Baiskeli yangu!"

"Nitakununulia tairi na kengele," alisema Ambwene, tayari anautoa mpira wa ndani. Akaukata utepe mrefu, akaufunga fundo ambalo Tusekile hakupata kuliona likifungwa, maana vidole vilikuwa vyepesi mno. Wakati huohuo akawaelekeza wengine wayahamishie maziwa kwenye madumu na kuyazamisha kwenye kijito cha nyuma, ambacho maji yake huuma kama barafu. Akauvuta utepe kwenye injini. Ukateleza. Akaupaka majivu ya mkaa, akauvuta tena. Pipa likakohoa, likanguruma. Maziwa yakarudishwa ndani yakiwa yamekwisha kupoa, na safari hii Tusekile alisimama na kipimajoto cha mkono mpaka yakawa baridi kweli, si baridi ya kwenye simu.

Maziwa yakafika mjini. Mkaguzi akayapima, akayanusa, akatia tiki. Isuba, tiki.

Hapo watu wote wangepiga vigelegele na hadithi ingeisha. Lakini ndipo ilipoanza.

Siku ya kutia saini, wakili wao mama Mwambene aliwaita ofisini kwake. "Hongereni, wanangu. Kimebaki kitu kimoja. Limbuko lenu. Andikeni jina la nyumba."

"Tuligawe mafungu matatu," Tusekile alisema haraka. Alikuwa amelifikiria siku nyingi.

"Katiba inasema nyumba moja, na mwekezaji ameikubali kama ilivyo. Tukigusa mstari mmoja, mazungumzo yanaanza upya, na wanasheria wake wanatamani sana hilo. Saini ni leo. Pasipokuwa na jina, fungu hilo linarudi kwenye kampuni, na limbuko linakuwa limekufa." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa, nani aliokoa zao?"



Lugano ndiye aliyetangulia. Alisema kwamba pale kifusini, wasiwasi haukuchimba hata koleo moja la udongo, na mikono ya Ambwene ilikuwa ng'ambo isiyofaa. Nyumba yake ingekuwa kituo cha wazee: wazee wanaingia kwenye baridi ya mwaka huu bila blanketi, na wawili walikuwa wameshaanza kukohoa damu.

Ambwene alisema kwamba barabara ikifunguka kuelekea kwenye pipa bovu ni barabara tu. Nyumba yake ingekuwa karakana ya viziwi: mwenye jengo amewapa notisi, na mwalimu wake mzee alikuwa akifungasha vifaa ndani ya magunia.

Tusekile alisema kwamba bila jicho lake wangekuwa mjini wanakunywa chai, na pipa likiwaambia kila kitu ni salama. Akaitaja Nyumba ya Kusubiri. Hakumtaja Bupe, na kwa kutomtaja, alijua kwamba wote wamemsikia.

Kisha Lugano akafanya jambo ambalo Tusekile hakulitarajia. Akaisukuma karatasi mezani mpaka mbele yake.

"Katibu ni wewe," alisema. "Na sisi sote tunajua, dada, hujawahi kuandika kitu usichokiamini. Andika. Tutakubali."

"Tutakubali," alisema Ambwene.

"Msinifanyie hivi."

"Angekuwa mwingine tungeogopa," Ambwene akasema. "Wewe utaogopa kwa niaba yetu."

Laiti wangegombana! Ugomvi una pa kushikia. Tusekile akaichukua kalamu, na mawazo yake yakaanza kazi yaliyoizoea. Akiandika nyumba yake, je, ameandika haki au amemwandika dada yake? Akiandika ya wengine ili asionekane mchoyo, je, si atakuwa amewadhulumu wajawazito wa ng'ambo kwa sababu tu mmoja wao ni ndugu yake? Alijaribu kuitoa kazi ya kila mmoja kwenye siku ile, kama mtu anayetoa figa moja chini ya chungu. Alipotoa la kwanza, chungu kilimwagika. La pili, kikamwagika. La tatu, vilevile.

Dirishani mvua ya kwanza kubwa ya msimu ikaanza kupiga bati. Simu yake ikatetemeka mezani, ilikuwa Bupe. Hakuipokea. Alijua dada yake anapiga kumwambia mto umeanza kupanda.

"Mwanangu," alisema mama Mwambene kwa upole, "wageni wa Dar es Salaam wanapanda ngazi."

Hatua zinasikika. Kalamu imegusa karatasi, na wino umeanza kufanya doa mahali jina linapopaswa kuanzia.

Hapo ndipo hadithi ilipotuachia, wasikilizaji. Mmoja aliona, mmoja akafungua njia, mmoja akatengeneza. Na kapu ni moja. Iazimeni sasa ile busara mliyoiweka tayari: kama kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, na mlango unafunguliwa, ungesema nani aliokoa zao, na ungeandika nyumba ya nani?